Tiketi ya Dar, Dagaa wa Igombe na Fundi Aliyejua Kusubiri

Kila nikialikwa kuzungumza na mabinti kanisani, swali huwa ni lile lile hata likija kwa maneno tofauti: "Dada, ulijuaje kwamba ni yeye?" Wanataka dalili. Wanataka niwasimulie ndoto, au andiko lililofunuka usiku wa manane. Na wengi wao wamekwishafuatwa na kijana wa kikundi cha maombi akawaambia ameoteshwa, kwamba Bwana amemwonyesha mke na mke mwenyewe ni wewe. Sasa binti hapati usingizi. Anaogopa kwamba akimkataa yule kijana atakuwa amemkataa Mungu.

Mimi pia niliwahi kuambiwa hivyo, tena na mtu aliyeheshimika, anayeomba hadharani watu wakalia. Nilimjibu kwamba Mungu anayemfahamu yeye ananifahamu na mimi, na mimi hajaniambia neno. Nilijibu kwa adabu, nikamuaga, kisha nikatetemeka ndani ya daladala hadi naingia nyumbani Igoma, Mwanza. Kwa hiyo haya nawaandikia wanaotetemeka. Imani ilinipa mume, na hilo nitalikiri mbele ya mtu yeyote. Lakini haikunipa kwa kunionyesha sura yake ndotoni. Ilinikalisha mahali ambapo sikuwa nimepanga kukaa, nikakaa hapo muda wa kutosha kumwona mtu alivyo.

Mpango wangu ulikuwa Dar es Salaam. Mwaka 2011 nilimaliza shahada ya ualimu pale Malimbe, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na wakati wenzangu wakisubiri ajira za serikali mimi nilipata nafasi shule moja binafsi huko Dar. Tiketi ya basi nilikwishakata stendi ya Nyegezi. Nguo nilikwishapiga pasi. Mama alikuwa amenifungia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na mfuko wa dagaa wa kumpelekea mwenyeji wangu, na alikuwa anaendelea kunipa maagizo kama wanavyofanya akina mama wote mtoto akitaka kusafiri, mara funga begi vizuri, mara usimwamini mtu njiani.

Alianguka alfajiri, akiwa anajiandaa kwenda mwaloni, ufukweni inakotia mitumbwi ya wavuvi. Kiharusi. Upande wa kulia ukalegea na maneno yakakwama. Tulimpandisha hospitali ya Bugando, kule juu kilimani, na kwenye dirisha la ile wodi ziwa lote linaonekana limetulia. Baba alikuwa ametangulia mbele za haki zamani, na wadogo zangu walikuwa bado shule. Hakuna kikao cha familia kilichoitishwa kuamua nani abaki. Mimi ndiye mkubwa.

Basi likaondoka bila mimi. Shule ilinivumilia kidogo, kisha nafasi ikapewa mtu mwingine, na siwalaumu, wanafunzi hawawezi kukaa bila mwalimu. Nilichomwambia Mungu usiku ule sitakiandika hapa. Hakikuwa wimbo wa sifa.

Mama alipotoka hospitali akiwa anatembea kwa kujikokota, nyumba ilihitaji kula, na tulichokuwa nacho kilikuwa biashara yake ya dagaa. Ikabidi niishike. Kwa msomaji asiyejua kazi hii, ni hivi. Dagaa wa ziwa letu, Ziwa Victoria, huvuliwa usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola. Taa huwekwa juu ya maji, dagaa hukusanyika kwenye mwanga, wavu unawazunguka. Ndiyo maana wavuvi wanahitaji giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu ya kuwavuta, na mialo hulala. Kwa hiyo sisi wa dagaa tunaishi kwa kalenda ya mwezi. Siku za giza unaamka saa tisa usiku, unafika Igombe mitumbwi ikiwa ndiyo inaingia, unanunua kwa ndoo, unaanika, unageuza, unalinda kunguru, unatazama mawingu. Mvua ikiwakuta dagaa wako wamelala chini, wanaharibika, na waliokusudiwa kuwa kitoweo wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Wakikauka vizuri unafunga magunia na kuyapeleka Kirumba, soko la Mwaloni, ambako wanunuzi hutoka hadi Congo, Rwanda na Burundi.

Mama alikuwa na jina pale Mwaloni. Dagaa wake hawakuwa na mchanga. Wengi walianika chini kwenye mchanga wa ufukweni kwa sababu ni rahisi na hakuna gharama, yeye alianika juu ya chanja, miti na nyavu kuukuu. Mnunuzi wa Goma angeweza kuchota kiganja cha dagaa wetu, akatia mdomoni palepale akatafuna, asisikie kokoto. Niliyashikilia hayo machanja kama urithi. Nilikuwa mwalimu mwenye shahada, mikono inanuka samaki hata Jumapili, na watu niliosoma nao walikuwa wakipita kwenye barabara ya lami na mikoba yao.

Sala yangu kwa kipindi kile ilikuwa fupi: "Bwana, leo tu." Sikuwa na pumzi ya kuombea mwaka, wala mume. Wachungaji wanaposema imani ni kuhamisha milima nawaelewa, lakini mimi niliyoijua ni ile ya kuamka saa tisa na kurudi tena mahali palepale ambapo jana hapakukupa faida.

Fundi nilikuwa nikimwona tu. Alikuwa na kibanda chake pale Igombe, anatengeneza mashine za boti. Siku za mwezi, sisi tukipumzika, yeye ndiyo alikuwa na kazi nyingi, maana ndipo wenye mitumbwi hupeleka mashine zao. Angetandika turubai, akapanga vipande vyote kwa mstari kadiri alivyovifungua, plagi, kabureta, propela, skrubu ndogo ndani ya kopo la maziwa. Saa sita mchana aliacha kila kitu, akafuta mikono kwa tambara, akasimama kuelekea majini na kusali. Nilikuja kujua baadaye kwamba ni Malaika wa Bwana, sala ya Wakatoliki. Kisha aliinama akaendelea. Hakuwa akimwangalia mtu kama anamwona. Sisi wa AICT, kanisa la Kiprotestanti la Africa Inland, hatuna sala hiyo, lakini nilianza kuitegemea kama saa ya kugeuza dagaa.

Siku moja ya mwezi mpevu alikuja nyumbani Igoma. Nilidhani anauliza kazi. Alisalimia, akakaa alipoonyeshwa, akatoa bahasha. Akasema miaka ya nyuma, alipotoka kisiwani hana kitu, mama alimkopesha hela ya spana za kuanzia kazi, na hiki ndicho kipande cha mwisho cha deni. Hatukuwa tukijua habari ya deni hilo. Hakukuwa na karatasi wala shahidi. Mama mwenyewe hakuweza kutamka sentensi nzima. Angekaa kimya fundi yule, deni lingekwisha lenyewe.

Mama akaanza kumwambia kitu. "U…" Ukimya. Mdomo ukawa unatafuta. Kila mtu aliyekuja kumwona mama katika hali ile alikuwa na namna mbili. Ama alimmalizia sentensi, ama alinigeukia mimi akaniuliza, "Anasemaje?" Mimi pia nilikuwa nimezoea kumkalimania. Nikafungua mdomo. Fundi akainua kiganja kidogo, bila ukali, akasema, "Mwache mwalimu, mama anamalizia." Akaweka mikono magotini, akamtazama mama usoni, akasubiri. Saa ya ukutani ilikuwa inasikika. Mama akahangaika, akapumzika, akaanza upya, na mwishowe ikatoka yote: "Umekula?"

"Bado, mama," akajibu.

Nikaenda jikoni kusonga ugali wa muhogo. Machozi yalinitoka, na haukuwa moshi. Tangu atoke Bugando, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mama kumkaribisha mgeni kwa mdomo wake mwenyewe.

Mabinti huwa wananiambia hapo ndipo nilipojua. Hapana. Hapo nilimwona tu. Kuna tofauti, na ningependa watu waipe nafasi. Mtu anaweza kuwa mwema siku moja. Yule alirudi mwezi uliofuata, na mwingine, na kila mara alisubiri sentensi za mama zikaisha, hata alipokuwa amechoka, hata ziwa lilipokuwa halijatoa kitu na kila mtu mwaloni ana hasira. Nilimwona akimwambia tajiri mmoja mwenye mitumbwi kwamba mashine yake haihitaji kifaa kipya, inahitaji kusafishwa tu, nami nilijua wiki ile hana hela. Nilimwona amekasirika pia, na nikaona anachofanya akikasirika: anakwenda kuosha vyombo vyake vya kazi ziwani, anarudi, anazungumza.

Aliponiambia, hakutaja ndoto. Alisema, "Mwalimu, naomba ruhusa ya kumleta mjomba wangu kwenu." Nikaomba muda wa kusali. Nilifunga, nikasali, sikuoteshwa kitu. Nilipotulia mbele za Mungu kilichonijia ni yale yote niliyokwishayaona kwa macho, mchana, kwa muda mrefu. Nikaona hilo ndilo jibu lenyewe, na hadi leo sijaona sababu ya kulidharau kwa kuwa halikuja usiku.

Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi ya dagaa. Fundi ni Mkara, mtu wa Ukara, kile kisiwa kilicho kaskazini ya Ukerewe. Sisi ni Wasukuma. Baba mdogo alitoka Magu na hesabu yake ya ng'ombe kichwani. Mshenga akaeleza kwa utulivu kwamba kwa Wakara ardhi ni finyu na watu ni wengi, ng'ombe ni wa kufungia na kulishia majani nyumbani, samadi yao ndiyo inayofanya shamba lizae kila mwaka, na kumtoa ng'ombe mmoja pale ni kutoa shamba. Baba mdogo alisikiliza sana habari ya samadi, kwa kuwa ni mkulima. Wakakubaliana hesabu igeuzwe fedha.

Mama ndiye aliyekataa. Si kwa sababu ya kabila, na wala si dini kwanza. Ni maji. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, mamia ya watu wakafa, na wengi wamezikwa kwetu Igoma. Mama alikuwapo siku za mazishi yale. Alisema neno kwa neno, na safari hii hakuna aliyethubutu kumsaidia: "Siozi. Binti. Ng'ambo ya maji." Fundi hakubishana. Alisema, "Mama, kazi yangu iko Igombe, bara. Kisiwani tutakwenda kusalimia tu, na siku ziwa likichafuka hatutakwenda." Mama hakujibu siku ile. Alijibu baada ya mavuno.

Dini ikabaki. Upande wetu Ukristo ulikuja kupitia kituo cha Nassa, ambacho wamisionari wa Africa Inland Mission walikipokea mwaka 1909. Upande wake ulikuja kwa Wamisionari wa Afrika, wale waliojenga Bukumbi mwaka 1883. Wote walifika wakipita pwani hii hii ya ziwa, na baada ya zaidi ya miaka mia wajukuu wa waliobatizwa huku na kule wakawa wanakaa sebuleni kwetu wakiulizana nani amfuate nani. Tulifika mahali hapa: mimi ningebaki AICT, yeye angebaki Katoliki, tungefunga ndoa parokiani kwake kwa ruhusa ya askofu, na watoto wangelelewa Kikatoliki, alivyoahidi yeye mbele ya kanisa lake. Wapo kwetu walioona nimetoa kikubwa. Nililia juu ya hilo, nikasali, nikakubali nikiwa na akili zangu.

Kwenye mafundisho ya ndoa katekista akatuagiza tusome Kitabu cha Tobiti. Nikafika nyumbani nikaifungua Biblia yangu, mara mbili, sikukiona. Yangu ina vitabu 66, ya Wakatoliki ina 73, na Tobiti ni miongoni mwa hivyo vilivyozidi. Fundi akaniazima ya kwake, ina alama za vidole vya grisi.

Nilikisoma usiku mmoja. Mzee Tobiti amekuwa kipofu, anamtuma kijana wake Tobia nchi ya mbali kwenda kuchukua fedha aliyoiweka amana. Tobia anapata mwenzi wa safari, hajui ni malaika Rafaeli. Kwenye mto Tigris samaki mkubwa anamrukia, anaambiwa amshike, atunze nyongo, moyo na ini. Njiani, mahali ambapo hapakuwa mwisho wa safari, anamkuta Sara, binti aliyefiwa na waume saba na anayetukanwa kwa hilo. Wanaoana. Usiku wa ndoa, kabla ya kulala, wanaamka wote wawili kusali, na Tobia anaomba wazeeke pamoja. Zile fedha zilizomtoa nyumbani hakuzifuata yeye hata kidogo, Rafaeli ndiye aliyekwenda kuzichukua. Na alipofika nyumbani na mke, nyongo ya yule samaki ikamfumbua baba macho.

Nilikaa na kitabu mapajani mpaka jogoo wakawika. Mzazi mgonjwa, safari ya kufuata riziki, samaki. Sikuwa nimewahi kusikia ikihubiriwa. Kesho yake nilimsomea mama yote, polepole, na nilipofika pale pa macho ya mzee alinishika mkono kwa mkono wake wa kulia, ule uliolegea.

Tulifunga ndoa mwaka 2014, baada ya kutangazwa na kukosa pingamizi. Harusi sitaieleza, kamati na michango mnavijua. Usiku ule tulisali kama Tobia na Sara.

Mwaka uliofuata ajira ya serikali ikatoka, nikapangwa Sengerema. Kati ya Mwanza na Sengerema kulikuwa na kivuko cha Kigongo na Busisi, na mama aliyekataa kuniozesha ng'ambo ya maji ndiye aliyeniambia nenda. Machanja aliachiwa mdogo wangu. Fundi hakuacha kibanda Igombe, maana wateja wa mashine wako huko, akawa anavuka kuja kwangu kila Jumamosi na kurudi Jumapili jioni. Foleni ya kivuko ikiwa ndefu alifika usiku, watoto wamelala, akala kiporo, akawatazama. Nasikia vijana wanasema mapenzi ya mbali hayadumu. Yetu yalidumu kwenye foleni ya kivuko, mvua na jua.

Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko cha Bugolora na Ukara, kilipinduka karibu na gati ya Bwisya. Zaidi ya watu 220 walikufa. Taifa liliomboleza siku nne. Kwa mume wangu ilikuwa kijiji chake, shangazi yake aliyemlea, na binti wa shangazi huyo. Alikwenda kuzika. Aliporudi hakuwa akisema. Alikaa Igoma kwa mama, kwa sababu ndiko alikofikia, na nilipovuka kumfuata nilimkuta ameketi kwenye kiti kile kile cha siku ya bahasha. Nikamuuliza amekula nini, nikamuuliza wamezikwa wapi, nikaanza kumjibia mwenyewe kwa uchungu niliokuwa nao. Mama akainua kiganja. Akanitazama. Kisha akamgeukia mkwewe na kukaa kimya, mikono magotini. Ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Alipoanza, alisema jina la shangazi, akasimama, akasema tena. Mama hakumsaidia neno hata moja. Akamaliza mwenyewe, jioni, na baada ya hapo ndipo akalala.

Nilimuuliza baadaye kama imani yake ilitikisika. Alisema saa sita ya kesho yake alisimama kama kawaida akakosa maneno, akasimama tu. Alifanya hivyo siku nyingi. Maneno yalirudi wakati fulani, hakumbuki lini.

Mama alitutoka mwaka 2021, kwa amani, akiwa amewaona wajukuu. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa, na mume wangu sasa anavuka kwa dakika chache. Anakuja hata katikati ya wiki, watoto wakiwa bado macho. Wanambishia juu ya kila kitu, naye anawasubiri wamalize.

Jumapili yeye na watoto wanakwenda misa ya kwanza, mimi nakwenda AICT, mchana tunakutana mezani. Mkubwa wetu ana sauti nzuri na amekuja na jambo: anataka kuimba kwaya ya parokia na pia ya kanisa langu. Mazoezi ya kwaya zote mbili ni Jumamosi saa tisa alasiri. Baba yake anasema tuongee na walimu wa kwaya wote wawili, mmoja asogeze saa. Wiki ijayo tunakwenda kuwaona.